Muziki Ulio Nyuma ya Picha

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia mara nyingi, lakini pengine hamkujua kuwa mnalisikia. Nalo ni muziki unaopigwa katika picha za sinema. Hatusemi juu ya nyimbo zinazoimbwa na watu walio katika picha, mkawaona vinywa vyao vikifunguka. Twasema juu ya ule muziki mwingine usio na mpigaji wa kuonekana, unaokuja nyuma ya maneno na matendo, kisha ukaondoka bila kuaga.

Tulianza kuufikiri sana siku moja tulipokuwa katika kijiji kimoja, na gari la sinema likaja. Watu waliketi mbele ya shuka nyeupe, watoto chini kabisa, wazee katika viti, na akina mama pembeni pamoja na wachanga wao. Picha ilikuwa habari ya mtoto aliyepotea msituni, na mama yake alikuwa akimtafuta huku na huku. Watu wote walinyamaza, hata wengine wakawa wanafuta machozi. Mara chombo cha sauti kikaharibika. Picha ikaendelea, lakini sauti haikuwako tena. Hazikupita dakika mbili, watoto wakaanza kucheka. Yule mama aliyekuwa akitutia huzuni sasa alionekana kama mtu anayekimbiza kuku. Kijana mmoja akasimama akauiga mwendo wake, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Fundi alipoutengeneza waya na sauti ikarudi, kicheko kikakatika ghafula, na bibi mmoja aliyeketi karibu nasi akasema polepole, "Maskini, mwanawe!" Mama alikuwa yule yule, na msitu ule ule. Kilichoondoka na kurudi kilikuwa ni fidla tu.

Basi tangu siku ile tumekuwa tukitega masikio kila tutazamapo picha, tukijiuliza: muziki huu unafanya kazi gani, na kwa nini mwingine unatushika moyo na mwingine unatuchosha?

Picha za kwanza zilikuwa bubu. Katika miji ya Ulaya na Marekani aliwekwa mtu mmoja mwenye piano karibu na shuka, akatazama picha na kupiga yaliyofaa, farasi wakikimbia akapiga mbio, wapenzi wakiagana akapiga taratibu. Katika nchi yetu wenyewe, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na watu waliotengeneza picha kwa ajili ya Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zao zilikuwa bubu, na sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri zilizochezwa picha ilipokuwa ikionyeshwa. Msikilizaji yeyote aliyewahi kuona sindano ya santuri ikiruka mfuo aweza kufahamu taabu yake.

Mwaka 1927 picha za kusema zilipoanza kuenea huko Marekani, wenye sinema waliingiwa na hofu ambayo leo yachekesha. Walisema, kama watu wa picha wamo jangwani na muziki unasikika, je, watazamaji hawatauliza umetoka wapi? Hofu hiyo haikuisha upesi. Inasimuliwa kuwa Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa picha, alipokuwa akiitengeneza picha moja ya watu waliookoka katika mashua, iliyotolewa mwaka 1944, aliuliza muziki utatoka wapi katikati ya bahari. Mtungaji mmoja wa muziki akajibu kwamba atasema mara Bwana Hitchcock atakapomwambia kamera imetoka wapi katikati ya bahari.

Mtu aliyewaondolea wengi hofu hiyo ni Max Steiner, mzaliwa wa Vienna katika nchi ya Austria, aliyetunga muziki wa picha iitwayo King Kong mwaka 1933. Ni habari ya sokwe mkubwa mno aliyechukuliwa kutoka kisiwani akapelekwa New York. Kwa kweli sokwe yule, katika sehemu nyingi za picha, alikuwa mwanasesere asiyefika nusu mita, aliyevikwa manyoya ya sungura na kusogezwa kidogo kidogo kwa mkono. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamekwisha tumia fedha nyingi, wakamwambia Steiner atumie muziki wa zamani uliokuwako. Lakini Merian Cooper, mmoja wa wenye kuitengeneza picha ile, akamwambia atunge mpya, na gharama atalipa yeye. Akatunga, na mwanasesere yule akapata roho. Hata mwisho wake, anapopigwa risasi na eropleni juu ya jumba refu, mtazamaji anamhurumia kama anavyomhurumia mtu. Manyoya ya sungura hayawezi kufanya hayo peke yake.

Walakini hatutaki kumsifu Steiner kupita kiasi. Alikuwa na mazoea ya kufuata kila hatua kwa sauti. Chifu wa kisiwa anashuka ngazi, na kila mguu unapokanyaga, tarumbeta nazo zinakanyaga. Huko ni kutuambia tulichokwisha kukiona. Mtu akikaa karibu nawe katika sinema na kukuambia, "Sasa anafungua mlango, sasa anaketi," utamwomba anyamaze. Muziki wenye faida ni ule unaotuambia lile ambalo jicho haliwezi kuliona.

Mfano ulio bora kuliko yote tuijuayo umo katika picha ya Hitchcock iitwayo Psycho, iliyotolewa mwaka 1960, na muziki wake ulitungwa na Bernard Herrmann. Mwanamke mmoja karani ameiba dola 40,000 za kazini kwake, naye anakimbia kwa motakaa. Kwa muda mrefu twaona uso wake nyuma ya usukani, barabara mbele yake, kisha uso wake tena. Ukiondoa sauti, ni mwanamke anayeendesha motakaa, labda anakwenda kwa shangazi yake. Lakini Herrmann ameweka fidla na ndugu zake peke yao, pasipo tarumbeta wala ngoma, nazo zinarudia jambo lile lile upesi upesi, kama moyo wa mtu anayejua kuwa anafuatwa. Hapo twaiona hofu iliyo ndani ya kifua chake, na wizi wake, na usiku unaomngoja. Hakuna kamera iwezayo kuingia huko.

Baadaye mwanamke huyo anauawa kwa kisu bafuni, katika hoteli ya njiani. Hitchcock alikuwa ameagiza kwamba mahali hapo pasiwe na muziki, ila mvumo wa maji na vilio tu. Herrmann hakutii. Akatunga vifijo vya fidla vikali kama ndege walioshtushwa, kisha akamsikilizisha mkuu wake namna zote mbili. Hitchcock akakubali kuwa alikosea. Sisi twampenda mtumishi yule aliyekataa amri, na twampenda zaidi bwana aliyekubali kushindwa, maana katika kazi ya sinema mabwana wa namna hiyo ni wachache. Naye Hitchcock hakuwa mtu wa kudhani kuwa muziki wahitajika kila mahali. Miaka 3 baadaye alitoa picha ya ndege wanaowashambulia wanadamu, nayo haina muziki wa nyuma hata kidogo, ila sauti za ndege zilizotengenezwa kwa mitambo, na vipindi virefu vya kimya. Herrmann ndiye aliyekuwa mshauri wa sauti zile. Mtungaji anayeshauri pasiwekwe muziki anaijua kazi yake.

Sasa twende baharini. Ninyi wa pwani mnamjua papa, nanyi wa bara mmeona walau nyama yake sokoni. Mwaka 1975 Steven Spielberg, aliyekuwa bado kijana, alitoa picha iitwayo Jaws, ya papa mkubwa anayewala watu wanaooga pwani ya kisiwa kimoja cha Marekani. Papa alitengenezwa kwa vyuma na mpira, na alipotiwa katika maji ya chumvi akawa anaharibika kila siku. Ikambidi Spielberg atengeneze picha ya papa pasipo papa. Mtungaji wa muziki, John Williams, akaketi katika piano akampigia sauti mbili tu za chini, zilizo jirani. Spielberg akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Sauti zile mbili zikapewa vinanda vya sauti nene, zikaanza polepole, kisha upesi, kisha upesi zaidi, kama kitu kisicho na akili wala huruma kinachokuja mbele bila kugeuka. Papa hakuonekana, lakini hakuna mtu katika sinema aliyekuwa na shaka kwamba yupo, wala kwamba anakaribia.

Hapo twaona muziki ukimfanyia kazi mnyama aliyekuwa gerejini. Lakini ufundi wa Williams umepita hapo, na jambo lenyewe twaomba mlisikilize vizuri. Katikati ya picha kuna siku ya sikukuu, na watu wamejaa majini. Mara pezi la papa linaonekana juu ya maji. Watu wanapiga kelele na kukanyagana. Kumbe ni watoto wawili wakorofi waliotengeneza pezi la bandia. Pale muziki ulikuwa kimya. Sauti mbili hazikupigwa, kwa kuwa papa hakuwapo. Williams alikuwa ameweka ahadi na mtazamaji kwamba ngoma hii haidanganyi, na ahadi ile akaitimiza. Baadaye sana, mkuu wa polisi yumo chomboni anamwaga chambo baharini, amekasirika, ananung'unika, na hakuna muziki wowote. Mara kichwa cha papa kinainuka mbele yake, kikubwa kuliko vyote tulivyowaza. Watu wakaruka vitini. Ahadi iliyotunzwa kwa saa nzima ilivunjwa mara moja tu, kwa faida ya hadithi. Mtungaji anayepiga ngoma za hofu kila mlango unapofunguka hawezi kufanya hivyo, kwa sababu hakuna anayemwamini.

Wasikilizaji, si lazima vinanda viwe vingi. Mwaka 1949 Mwingereza Carol Reed alitoa picha iitwayo The Third Man, ya mji wa Vienna baada ya vita, mji uliobomoka na kujaa walanguzi. Alipokuwa huko alimsikia Anton Karas, mtu aliyekuwa akipiga kinanda katika nyumba za kunywea mvinyo. Kinanda chake kilikuwa cha nyuzi nyingi, kilicholazwa, na ninyi mpendao taarabu mtakifahamu tukisema ni jamaa wa kanuni. Reed akamchukua mpaka London, na picha nzima ikapigiwa kinanda kile peke yake. Mwisho wake mwanamke anatoka makaburini, anatembea katika njia ndefu iliyo na miti kando zote mbili, na mwanamume anayempenda amesimama anamngoja. Anakuja polepole, anakaribia, anampita bila kumtupia jicho, anakwenda zake. Hakuna neno lisemwalo. Kama wangeweka fidla mia, zingetuamuru tulie. Kinanda kile kinaendelea tu na wimbo wake, nusu furaha nusu dhihaka, nacho kinatuachia wenyewe kuamua kama tumhurumie mwanamume yule au tumwone amestahili. Sisi hatujaamua bado.

Iko picha nyingine iliyo karibu nasi zaidi, na jina lake ni neno letu: Hatari! Howard Hawks, Mmarekani, aliipiga Tanganyika, upande wa Arusha na Momella, ikatolewa mwaka 1962. Ni ya watu wanaokamata wanyama wa porini kwa ajili ya kupelekwa katika bustani za wanyama. Ndani yake kuna msichana mmoja anayelea watoto wa tembo, hata akaitwa Mama Tembo, na mara moja anawapeleka majini kuoga. Hawks hakujua la kufanya na sehemu ile. Tembo wanatembea, msichana anatembea, basi. Akamwonyesha mtungaji wake, Henry Mancini. Huyo akautazama mwendo wa wale watoto, jinsi matako yao makubwa yanavyotikisika, akasema kwamba mwendo ule una mdundo wake. Akautungia muziki wa kuchezacheza, na sehemu ambayo ilikuwa karibu kutupwa ikawa ndiyo ikumbukwayo kuliko picha nzima. Watu wengi duniani wanaujua muziki ule, na hawajui kuwa tembo wale walikuwa wa Tanganyika. Mancini mwenyewe alisimulia kwamba aliletewa vyombo vya Afrika, kama vile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba na vibuyu, akavitumia katika muziki wa picha ile. Twafurahi kwa hilo, ingawa twakiri kuwa tungefurahi zaidi kama mpigaji naye angeletwa pamoja na marimba yake.

Na hapo ndipo tunapofikia jambo lililotufanya tuombe nafasi ya jioni hii. Nguvu hii tuliyoisifu haichagui kazi. Inaweza kumpa roho mwanasesere, nayo inaweza kumtia mtu mzima usingizi.

Mwaka 1935 ilitolewa Uingereza picha iitwayo Sanders of the River, ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza katika Nigeria, na chifu Mwafrika anayemtii kwa furaha. Chifu alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani akatoroka, na sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti kubwa za karne ile. Nyimbo zilitungwa na Mischa Spoliansky, aliyekuwa amekimbilia London kutoka Ujerumani ya Hitler. Miongoni mwa Waafrika waliokodishwa kujaza uwanja wa picha alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, na jina lake Jomo Kenyatta. Tuwawazie watu hao mahali pamoja, yaani mtoto wa mtumwa, mkimbizi, na yule atakayekuwa Rais wa kwanza wa nchi yake, wakiipamba hadithi iliyowadharau watu weusi.

Nasi tulipoitazama picha ile, twasema kweli, tulishikwa. Robeson anapoimba ndani ya mtumbwi na wapiga kasia wakimwitikia, mwili unasisimka. Mguu wetu ulikuwa ukipiga mdundo chini kabla hatujatambua wimbo ule unamsifu nani. Maneno ya picha ile, yakisomwa peke yake katika karatasi, mwanafunzi wa darasa la sita angeyapinga. Yakiimbwa na sauti ile, yanapita mlangoni bila kuulizwa jina. Robeson mwenyewe alipoona picha ilivyokwisha tengenezwa alihuzunika, na baadaye akaikana hadharani. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha toka, na watu waliendelea kuuimba.

Kwa sababu hiyo, wasikilizaji, tunawaomba mfanye jaribio dogo, hasa ninyi wanafunzi. Ichukueni picha moja mnayoipenda, katika televisheni au hata katika simu, na mwitazame sehemu iliyowaliza au iliyowatia hasira juu ya mtu fulani. Kisha iondoeni sauti, mwitazame tena sehemu ile ile. Muulizane: huyu tuliyemchukia amefanya nini hasa? Huyu tuliyempenda, tumemwona akitenda wema gani? Kisha fumbeni macho, mrudishe sauti, msikilize bila kutazama. Andikeni katika daftari kile mlichoambiwa na jicho na kile mlichoambiwa na sikio, kila kimoja mahali pake. Sisi tulifanya hivyo kwa picha ya Sanders, na ukurasa wa sikio ulijaa kabla ukurasa wa jicho haujafika nusu.

Ama yule bibi wa kijijini, tulimwuliza baada ya sinema kwisha kama alisikia muziki. Akatutazama kwa mshangao, akisema kuwa hakusikia muziki wowote, alimwona mama akimtafuta mwanawe. Tukamwuliza, mbona basi alicheka pamoja na wengine sauti ilipokatika? Akafikiri kidogo, akijifunga kanga yake vizuri. "Wanangu," akasema, "hata mimi najiuliza."